Mwinyi Mkuu wa Dunga, mtawala wa Unguja asiyetajwa Forodhani

*Alizaliwa 1785, akafa 1865. Aliiona Unguja ikiwa ya wazee wake, akaiona ikiwa ya Seyyid Said, na katikati ya kisiwa akajenga jumba lake mwenyewe. Kwa nini leo anakumbukwa kwa hadithi za kutisha peke yake?*

Gari ya Chwaka ikishatoka kwenye msongamano wa mjini na kuingia shamba, haikawii kufika Dunga. Wanashuka wawili watatu na vikapu vyao, konda anagonga bodi, safari inaendelea. Kando ya barabara, nyuma ya miti, limesimama gofu la jumba kubwa: kuta nene za mawe na chokaa, matao ya milango, madirisha yaliyobaki matundu, paa hakuna.

Hapa aliishi Muhammad bin Ahmed bin Hassan al-Alawi, Mwinyi Mkuu wa Unguja. Wahadimu, yaani wenyeji wa kusini na mashariki ya kisiwa, walimtambua yeye kuwa mkubwa wao, na huku mjini, mwendo wa saa chache kwa miguu, bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa ikipepea. Kisiwa kimoja kilikuwa na wakubwa wawili, na kila mmoja alijua mwenzake yuko wapi.

Mhariri aliponipa kazi hii alinipa na sharti: nisirudi na hadithi za damu tu. Sharti hilo lina uzito wake, maana anayeuliza habari za Dunga huambiwa damu kwanza, na mara nyingi mazungumzo huishia hapohapo.

Damu kwenye chokaa

Inasimuliwa kwamba jumba lilipokuwa likijengwa, watumwa waliuawa ili damu yao ichanganywe na chokaa, kuta zipate nguvu. Wengine, inasemwa, walifukiwa hai katika msingi. Inaelezwa pia kuwa katika miaka ya 1920 kisima kilicho karibu na jumba kilipofunguliwa kilikutwa na mifupa ya watu hadi nusu yake. Ndiyo maana wako wasiopenda kupita hapo magharibi ikishaingia.

Utumwa ulikuwapo Dunga kama ulivyokuwapo mjini, na hakuna sababu ya kumsafisha Mwinyi Mkuu kwa jambo ambalo wakubwa wote wa zama zake walilishiriki. Biashara ya watumwa iliendelea Unguja maisha yake yote. Lakini hadithi ya watu waliozikwa chini ya nguzo husimuliwa vilevile juu ya jumba la Beit al-Ajaib kule mjini, na ukizunguka pwani utaisikia juu ya majumba mengine. Kilichoshikilia kuta za Dunga ni kilekile kinachoshikilia kuta za Mji Mkongwe: mawe ya matumbawe, mchanga, na chokaa iliyopatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya lundo la kuni.

Tatizo la hadithi hizi ni kwamba zimemla mwenye nyumba. Mtalii akirudi kwao anakumbuka damu, jina la Muhammad bin Ahmed hana. Na si mtalii peke yake. Wanafunzi wetu wengi wanaweza kukutajia Seyyid Said, Majid, Barghash na Khalifa bila ya kusita, lakini ukiwauliza nani alikuwa mkubwa wa Unguja kabla ya hao, watakutazama usoni.

Enzi ya kabla ya majahazi ya Muscat

Unguja haikuanza na karafuu. Uchimbaji wa wataalamu wa mambo ya kale kule Unguja Ukuu umeonyesha mji wa biashara uliokuwa hai zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wenye vyombo vya udongo kutoka Ghuba na China. Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya Kikufi kwenye kibla yake yanayotaja mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Watu waliojenga hivyo walikuwa na wakubwa wao.

Wareno walipofika waliwakuta wakubwa hao na hawakuchelewa kuwatoza. Mwaka 1503 nahodha Ruy Lourenço Ravasco alivizia majahazi katika maji ya Unguja, akayateka, kisha akamlazimisha mtawala wa kisiwa kukubali kutoa mithkali 100 za dhahabu kila mwaka kwa mfalme wa Ureno. Kuanzia hapo kila aliyeketi katika kiti cha Unguja alikuwa na hesabu ileile mbele yake: mgeni mwenye mizinga yupo baharini, je, umlipe, umpige, au umwite mgeni mwingine amtoe?

Wanawake wawili waliokalia kiti hicho walijibu kila mmoja kwa namna yake. Mwana Mwema, katikati ya karne ya 17, aliegemea Oman. Mwaka 1652 majahazi ya Waomani yaliwashambulia Wareno waliokuwa Unguja, na Wareno waliporudi kulipiza kisasi malkia huyo ndiye aliyekuwa wa kwanza kuadhibiwa.

Nusu karne baadaye Mwana Fatuma alichagua upande wa pili. Ngome ya Yesu ya Mombasa ilipozingirwa na Waomani kuanzia 1696, yeye aliwapelekea chakula Wareno waliokuwa ndani. Ngome ikaanguka Desemba 1698, na Waomani wakamfuata Unguja, wakamchukua hadi Muscat. Aliporudi miaka kadhaa baadaye alirudi akiwa mtawala aliye chini ya ulinzi wa watu waliomfunga. Mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, Waomani walikuwa wamejenga ngome, hiyo tunayoiita Ngome Kongwe. Nyumba ya Fatuma mwenyewe, kwa masimulizi ya mji, ilikuwa pale ilipojengwa Beit al-Ajaib mwaka 1883.

> Mahali panapopigwa picha nyingi zaidi Unguja, kwa masimulizi ya mji, palikuwa nyumbani kwa malkia wa kisiwa.

Masheha, mvyale na watu wanne

Ni makosa kumfikiria Mwinyi Mkuu kama sultani mdogo. Nguvu yake ilikuwa ya aina nyingine. Chini yake walikuwapo masheha, kila mmoja na eneo lake. Katika kila mji wa Wahadimu, kuanzia Makunduchi na Jambiani hadi Bwejuu, Chwaka na Uroa, kulikuwa na wazee walioitwa watu wanne, na hao ndio walioamua nani apewe shamba, mgeni gani akae, ugomvi gani uishe vipi. Mvyale alikuwa na kazi ya mizimu na ardhi. Bila ya yeye msitu haukufyekwa.

Ardhi ya kiambo ilikuwa ya ukoo. Hukuweza kuiuza kwa mtu baki kama unavyouza ng'ombe. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuitawala Unguja ya maweni, ile ardhi ya mawe ya Wahadimu, hakuwa na njia ya mkato. Ilimpasa apite kwa wazee hao, na wazee hao walipita kwa Mwinyi Mkuu. Watumbatu wa kaskazini walikuwa na wakubwa wao, na Pemba ilikuwa na madiwani. Mamlaka ya Mwinyi Mkuu yalikuwa na mipaka, na kila mtu aliijua.

Mfumo huo umetuachia kitu kimoja ambacho Mzanzibari hawezi kukikwepa hata leo. Ukitaka kitambulisho unaanzia kwa sheha. Ukigombana na jirani juu ya mpaka, sheha. Cheo kilekile kilichokuwa chini ya Mwinyi Mkuu sasa ni ngazi ya chini ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Masultani wamekwenda, Waingereza wamekwenda, sheha yupo barazani.

Seyyid Said anashuka Unguja

Muhammad bin Ahmed alizaliwa katika Unguja ambayo Oman ilikuwa na liwali ngomeni na ushuru bandarini, lakini shamba likiendelea na mambo yake. Hali hiyo ilianza kubadilika mwaka 1828, Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman, alipofika mwenyewe kwa mara ya kwanza. Muhammad alikuwa na umri wa miaka 43. Kufikia 1840 makao makuu ya Said yalikuwa Unguja, na mtu wa Muscat akawa jirani wa kudumu.

Karafuu ilikuwa imekwishaingia kisiwani mapema katika karne hiyo, na Said alipoonja faida yake aliwasukuma wenye mashamba waipande kwa wingi. Karafuu haipendi maweni. Inataka udongo mwekundu wenye rutuba, na udongo huo uko magharibi na kaskazini ya kisiwa, upande wa mjini. Huko ndiko mashamba yalikojaa, na watumwa wa kuyalima wakaletwa kwa maelfu kutoka bara.

Mwinyi Mkuu angeweza kupigana. Wamazrui wa Mombasa walipigana, na mwaka 1837 wakuu wao walikamatwa wakapelekwa Bandar Abbas, ng'ambo ya Ghuba. Habari hizo zilifika Unguja kama zinavyofika habari zote za pwani, na msimu wa kaskazi. Muhammad hakuwa na manowari wala mizinga, na askari wa Kibaluchi hawakuwa wake.

Alichokuwa nacho ni watu. Said alihitaji kodi na nguvu kazi kutoka kwa Wahadimu, na njia ya kuvipata bila ya vita vya msituni ilikuwa moja tu. Kwa hiyo wakaelewana. Mwinyi Mkuu na masheha wake walikusanya kodi ya kichwa, ambayo wageni waliopita Unguja miaka hiyo wanaitaja kuwa riale mbili za Maria Theresa kwa mwaka. Fungu lilibaki kwake, fungu likaenda kwa Sultani. Kabla ya fedha kulikuwa na kazi: Wahadimu waliitwa kwenda kuwafanyia kazi wenye mji na mashamba yao.

Riale mbili ni jambo dogo ukiziandika karatasini. Kwa mvuvi wa Jambiani au mkulima wa mtama wa Makunduchi, aliyeishi kwa kubadilishana samaki, kamba za usumba na kuni, zilikuwa fedha za kutafutwa mwaka mzima.

Miaka mitatu bila ya mvua

Kuelewana huko hakukuwa na utulivu. Masimulizi ya Unguja yanasema kwamba wakati mmoja Seyyid Said alimwita Mwinyi Mkuu mjini, akamfunga. Mvua ikakatika. Mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu, mazao yakakauka na watu wakalia njaa, hadi Sultani mwenyewe akalazimika kumwachia. Alipotoka, mvua ikanyesha.

Sina haja ya kuthibitisha hali ya hewa ya miaka hiyo. Hadithi hii mimi naisoma kama hoja ya kisiasa, na hoja kali. Wahadimu walikuwa wakisema: chukueni bandari, chukueni ushuru, jengeni majumba, lakini mvua ya kisiwa hiki iko mikononi mwa mtu wetu. Hakuna mahakama ya Sultani ambayo ingeweza kuitengua hoja hiyo.

Baada ya misukosuko hiyo Mwinyi Mkuu aliupa mji kisogo, akajenga Dunga. Ujenzi unatajwa kuwa wa kati ya 1846 na 1856. Na hapa yafaa kuitazama ramani. Dunga iko katikati ya kisiwa, pale ambapo mashamba mazuri ya magharibi yanakaribia kuisha na maweni ya mashariki yanakaribia kuanza, kwenye njia ya kwenda Chwaka. Aliyekaa hapo alimwona kila anayetoka mjini kwenda kwa Wahadimu, na kila Mhadimu anayekwenda mjini. Mtu aliyekata tamaa hajengi mahali kama hapo. Angejificha Kizimkazi.

Jumba lenyewe lilisema hivyohivyo. Lilijengwa kwa mawe, kwa namna ya majumba makubwa ya Kiarabu ya zama hizo, wakati watu wake karibu wote waliishi katika nyumba za miti na makuti. Ujumbe wa mawe hayo ulielekezwa mjini: nami pia ni mkubwa.

Mwaka 1856, ambao ujenzi unasemekana kumalizika, Seyyid Said alifariki baharini akiwa njiani kutoka Oman kurudi Unguja. Mwanawe Majid akashika kiti. Muhammad bin Ahmed aliendelea kukaa Dunga kwa miaka tisa zaidi.

> Said alikufa 1856. Mwinyi Mkuu aliyemkuta Unguja aliishi hadi 1865.

Kibaraka au kinga?

Juu ya mtu huyu wanaozungumza historia ya Unguja wamegawanyika, na mgawanyiko wenyewe si wa vitabuni tu. Ukae barazani na watu wanaoijua habari hii, haichukui muda sauti kupanda.

Upande mmoja unamhukumu. Wanasema alikuwa mkusanyaji kodi wa Sultani, na kilemba chake kilifunika unyonge wake. Udongo mwekundu wa magharibi ukageuka mashamba ya wakubwa wa mjini, na mtu aliyepaswa kupiga siwa ya kuwaita watu akapokea fungu lake la riale akanyamaza. Tena alikuwa na watumwa. Kwa hoja hiyo, kumfanya shujaa wa wenyeji ni kumpaka rangi mtu aliyekuwa tabaka moja na hao waliomnyang'anya.

Upande wa pili unauliza: angefanya nini? Kwa mkataba wake na Said, wanasema, sheria za Wahadimu ziliendelea kufuatwa kwao, ardhi ya viambo haikuguzwa, na watu wa kusini na mashariki hawakutiwa katika minyororo ya mashamba. Wako wanahistoria wanaoongeza kwamba magharibi ya kisiwa haikuwa na vijiji vingi vya Wahadimu kabla ya karafuu, kwa kuwa watu wa pwani walipenda kukaa karibu na bahari na kuitumia misitu ile kwa kilimo cha kuhamahama. Kwa hiyo kilichotokea hakikuwa kufukuzwa kwa siku moja. Kilikuwa kufungiwa mlango polepole.

Mimi nakubaliana na nusu ya kila upande. Kufungiwa mlango polepole bado ni kufungiwa, na mjukuu wa aliyekuwa akilima Dole, huko magharibi, hakujali kama babu yake alitolewa kwa upanga au kwa hati. Lakini kumwita Muhammad kibaraka ni kumpima kwa mizani ya watu wenye majeshi.

Watawala wa namna yake wamo katika historia ya dunia nzima. Mwaka 1296 wakubwa wa Scotland, karibu wote, walimlia kiapo cha utii Edward I wa Uingereza ili wabaki na ardhi zao. Robert Bruce alikuwa miongoni mwao, na miaka kumi baadaye alivaa taji na kuanza vita. Waskoti leo hawamkumbuki kwa kile kiapo. Tofauti na Muhammad ni kwamba Bruce alipata nafasi ya pili, na alikuwa na wapanda farasi.

Ndui

Muhammad bin Ahmed alipofariki mwaka 1865, mwanawe Ahmed alirithi. Enzi yake ilikuwa fupi. Aprili 1872 kimbunga kikali kiliipiga Unguja, kikang'oa mikarafuu na kuzamisha majahazi bandarini. Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa, Waingereza wakiwa wamemsimamia mabegani. Na mwaka huohuo wa 1873 ndui ilimchukua Ahmed bin Muhammad, hali hana mtoto wa kiume.

Barghash hakumweka mwingine. Hakuna vita vilivyopiganwa, hakuna tangazo linalokumbukwa. Cheo kilichowahi kukabiliana na Wareno, kikafungwa Muscat na kurudi, kiliishia kwa mgonjwa mmoja na Sultani aliyeona faida ya kunyamaza.

Wahadimu ndio walioilipa gharama. Masheha sasa walimjibu Sultani moja kwa moja, na baada ya himaya ya Uingereza ya 1890 wakawekwa chini ya mamudiri wa serikali. Watu wanne waliendelea na kazi yao vijijini, lakini juu yao hapakuwa tena na mtu wa kisiwa ambaye Sultani alilazimika kuketi naye kuzungumza. Kulipotokea jambo zito juu ya ardhi, hapakuwa na mlango wa kugonga.

Ilionekana wazi mwaka 1951 pale Kiembesamaki. Wakulima ambao ardhi yao ilikuwa imechukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege walikataa amri ya kuchanja ng'ombe, wengine wakakamatwa, umma ukaandamana, polisi wakapiga risasi. Ndiyo Vita vya Ng'ombe. Chanjo ilikuwa cheche tu. Kuni zilikuwa za zamani. Baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, ardhi yote ikafanywa mali ya serikali, na familia zikagawiwa ekari tatu tatu.

Ngoma na siwa

Vitu viwili vya Mwinyi Mkuu vilibaki kuliko paa la jumba lake: ngoma na siwa. Hivyo ndivyo vilivyokuwa kiti chake hasa. Katika pwani yote ya Waswahili, mkubwa asiyepigiwa siwa hakuhesabiwa mkubwa. Pate walikuwa na siwa ya pembe ya ndovu, Lamu ya shaba, na zote mbili Kenya inazihifadhi katika makumbusho yake kama hazina ya taifa. Ngoma za Dunga zilisemwa kuwa hulia zenyewe kisiwa kinapokaribia hatari.

Vitu hivyo vilitolewa Dunga vikaingizwa katika makumbusho ya mjini, na kwa miaka mingi aliyetaka kuviona alikwenda Beit al-Ajaib, akavikuta katika jengo la sultani. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya jengo hilo iliporomoka, watu wawili wakafa. Tangu siku hiyo mjadala wa urithi wa Zanzibar umetawaliwa na swali la lini na vipi Beit al-Ajaib itasimama tena. Ni swali la haki. Lakini limefanya swali la Dunga lisisikike kabisa.

Kuhusu mahali pa kuweka vitu hivi, hapa pia pana pande mbili. Wataalamu wa makumbusho watakwambia mbao na ngozi za zamani zinahitaji chumba kikavu, ulinzi na mtu anayejua kuzitunza, na gofu lisilo na paa haliwezi kutoa hayo. Wenye mji watakwambia kitu cha enzi kikitolewa mahali pa enzi kinakuwa pambo. Waskoti walibishana hivyohivyo juu ya jiwe lao la kutawazia wafalme, lililochukuliwa na huyohuyo Edward I mwaka 1296 likawekwa London. Lilirudi Edinburgh mwaka 1996, miaka 700 baadaye, na mwaka 2024 likapelekwa Perth, karibu na Scone lilikotoka, katika makumbusho yaliyotayarishwa kulipokea.

Kwa hiyo njia ipo: kwanza tayarisha nyumba, kisha rudisha kitu.

Shamba nako kuna historia

Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na tangu 1985 una mamlaka yake ya kuuhifadhi. Wafadhili wanaujua, wapigapicha wanaujua, hoteli zinaujua. Ukiweka fedha katika baraza la Shangani utaziona zikirudi. Ukiziweka Dunga, hakuna anayekuhakikishia.

Hiyo ndiyo hoja ya wenye hesabu, na ina ukweli wake. Ila ina kasoro moja kubwa. Historia ikitunzwa kwa kufuata watalii tu, itakuwa ya majumba ya waliokuja, na waliokuwapo watabaki kuwa watu wa pembeni wanaouza madafu mlangoni. Mtoto wa Makunduchi anayekoga mwaka kila Julai anaijua Mwaka Kogwa kama sherehe. Ana haki ya kujua pia kwamba miji kama yake ilikuwa sehemu ya dola yenye sheria, kodi, malkia waliochagua upande katika vita vya mataifa makubwa, na mzee mmoja aliyejenga jumba la mawe katikati ya kisiwa ili mjini wajue bado yupo.

Magofu ya Dunga ni mali ya umma na yako chini ya idara ya mambo ya kale. Mambo ya kufanya hayahitaji mfadhili kutoka nje. Liwekwe bango la Kiswahili linaloanza na jina la Muhammad bin Ahmed na miaka yake, kabla ya habari ya damu. Wizara ya Elimu iwaingize Mwana Mwema, Mwana Fatuma na Mwinyi Mkuu Muhammad katika vitabu vya msingi, sura nzima. Na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho kampasi yake ya Tunguu haiko mbali na Dunga, kiwatume wanafunzi wake wa historia na vinasa sauti kwenda Bwejuu, Chwaka, Uroa na Kizimkazi kuwasikiliza wazee ambao bado wanazijua nasaba za masheha. Kazi hiyo ya mwisho ianze mwaka huu. Kuta zinaweza kungoja ukarabati, wazee hawawezi.